Lushoto: Mji wa milimani unaotegemea barabara moja na udongo wa mteremko

LUSHOTO ni mji mdogo ulioko katika safu ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo makao makuu ya wilaya inayobeba jina hilo hilo.

Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Arusha huiacha barabara kuu pale Mombo, penye joto na mashamba ya mkonge, kisha hupanda kilometa zipatazo 33. Njia hupita kwenye korongo jembamba, mwamba upande mmoja na mto upande wa pili, hadi Soni penye maporomoko ya maji, na ndipo hufika mjini. Hewa hubadilika kabla ya saa moja kupita. Mwezi Julai wenyeji huvaa makoti, jambo ambalo mgeni wa pwani huliona kuwa mzaha mpaka jua litue.

Historia ya milima hii ni kongwe kuliko mji wenyewe. Kwa mujibu wa simulizi za Wasambaa, zilizohifadhiwa pia katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, mwindaji aitwaye Mbegha alitoka Ngulu, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akapendwa na watu na kutawazwa. Wakilindi, uzao wake, walitawala kutoka Vuga. Utawala huo ulifikia kilele wakati wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alipofariki mwaka 1862, wanawe na wajukuu waligombea madaraka, na vita hivyo viliifungulia milango biashara ya watumwa. Mwanawe Semboja alijiimarisha Mazinde, chini kabisa kwenye njia ya misafara, mahali ambapo bunduki zilipatikana kwa urahisi zaidi kuliko mlimani.

Wajerumani walipoingia waliipenda baridi. Walijenga makao ya wilaya na kuyaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mji ukapata mlango wake wa nje. Waingereza waliuteka mwaka 1916, na jina la Lushoto likashika nafasi yake.

Hata hivyo, lililowagusa wananchi zaidi ya kubadilika kwa bendera ni suala la udongo. Miteremko ni mikali, mvua za masika na vuli ni nyingi, na watu waliongezeka huku sehemu ya ardhi ikiwa imetengwa kuwa misitu ya serikali na mashamba ya walowezi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko, kwanza katika bonde la Mlalo, kisha Usambara nzima. Kila mkulima alilazimishwa kupiga matuta katika sehemu ya shamba lake la mlimani, na aliyekaidi alitozwa faini.

Kazi hiyo nzito iliwaangukia hasa wanawake. Isitoshe, wengi walihofu kuwa ardhi ikishatengenezwa vizuri itachukuliwa na wageni. Upinzani ulienea vijijini, TANU ikapata wafuasi, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Wataalamu hawakukosea kusema kwamba udongo ulikuwa ukipotea. Walikosea kudhani kwamba amri na faini vingeubakiza shambani.

Miaka ya 1980 jambo hilo lilirudi kwa sura nyingine, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Safari hii wakulima walishauriwa kuotesha mistari ya majani ya guatemala na mabingobingo kukingama mteremko, pamoja na miti, na kufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Majani yaliyozuia udongo yakawa lishe, na samadi ikarudi shambani. Si kila kijiji kilichoitikia, lakini mistari hiyo bado huonekana kwenye vilima vingi.

Leo mabondeni hulimwa kabichi, karoti, nyanya, hoho na viazi mviringo, na kwa msimu wake hupatikana matunda ya nchi za baridi kama pea na plamu. Malori hushusha mazao hayo kuelekea masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Udhaifu uko kwenye barabara ile ile ya Mombo: mvua kubwa ikiporomosha mawe na tope korongoni, mboga huozea njiani na bei huachwa mikononi mwa mchuuzi.

Mji wenyewe umekua kwa taratibu. Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, huleta wanafunzi kutoka nchi nzima. Watalii huenda Irente, ukingo wa mwamba ambapo nyika ya Mazinde huonekana karibu mita 1,000 chini. Juu ya mji uko msitu wa Magamba, chanzo cha vijito vinavyonywesha mabonde hayo ya mboga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani, Bumbuli ikiwamo, na mashamba mengi yamegawanywa kwa warithi hadi kuwa vipande vidogo vilivyotawanyika, kimoja bondeni, kingine kileleni.