Plagini ni nini, na kwa nini programu ya kugawana faili huihitaji

Neno plagini limetokana na plagi, ile ile tunayochomeka ukutani. Fundi wa umeme akimaliza nyumba hajui kama utanunua pasi, feni au friji. Anachokuachia ni soketi yenye vipimo vinavyojulikana, na chombo chochote chenye plagi inayoingia humo kitafanya kazi bila ukuta kuvunjwa. Programu ya kompyuta yenye soketi za namna hii husemwa kuwa inakubali plagini, au programu-jalizi kama wengine waiitavyo. Mtu wa mbali, asiyejuana na walioiandika, anaweza kuiongezea kazi mpya.

Naandika haya kwa sababu ya swali la mwalimu mmoja wa Masimba, kule Nyaribari Masaba katika kaunti ya Kisii. Shule yake ina kompyuta chache na intaneti ya kununua bando. Alitaka vitabu na masomo yapakuliwe mara moja kwenye kompyuta moja, kisha zile nyingine zijigawie humo humo shuleni. Programu huria ya kazi hiyo alishaipata. Lakini kulikuwa na mambo matatu ambayo haikuyafanya: kupakua usiku tu, wakati bando lake ni nafuu; kupanga faili kwa madarasa; na kuweka hadithi za Ekegusii zilizorekodiwa kwa wazee. "Ndugu yangu," aliniuliza, "niwaombe wenyewe wayaongeze, au niiache kabisa?" Swali hilo lingeweza kutoka Faza au Msambweni.

Wanaoandika programu huria wengi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Hawawezi kuongeza kila haja ya kila shule duniani, na wakijaribu, programu itakuwa nzito na yenye kasoro nyingi. Ndiyo maana ombi la busara si "nitengenezeeni hiki", bali "tufungulieni soketi tujitengenezee".

Waliotangulia

Mifano ipo. Deluge, programu huria ya BitTorrent iliyoandikwa kwa Python, ina kiini kidogo, na kazi nyingi zimewekwa kwenye plagini. Mojawapo, iitwayo Scheduler, ina jedwali la siku 7 na saa 24, nawe unachagua saa za kupakua kwa kasi, za kwenda polepole na za kusimama kabisa. Nyingine, Label, huzipa faili alama ili zipangwe kwa mafungu. Haja mbili za mwalimu zimekwisha hapo. Katika qBittorrent, plagini za Python hutumika kutafutia faili. Transmission imefuata njia tofauti: hupokea amri kutoka programu nyingine, na huweza kuendesha skripti faili inapokamilika.

Kwa shule kuna Kolibri, ya shirika la Marekani la Learning Equality. Hufanya kazi bila intaneti, huitambua Kolibri nyingine iliyo kwenye mtandao huo huo wa ndani na kunakili masomo kutoka kwake, na inapatikana kwa Kiswahili. Ukurasa wa mwanafunzi na ukurasa wa mwalimu ndani yake ni plagini, na hata uonyeshaji wa video na wa PDF hufanywa na plagini.

Hapa Kenya tunayo Ushahidi. Si programu ya kugawana faili, ila somo lake ni lile lile. Ilizaliwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili taarifa za wananchi zionekane kwenye ramani. Ilipoanza kutumika nchi nyingine, kila mahali palikuwa na njia yake ya kupokea SMS. Toleo la 2.0, la mwaka 2010, lilikuja na mfumo wa plagini. Njia kama FrontlineSMS na Clickatell zikawa plagini, na asiyezihitaji hakulazimika kuziwasha.

Kazi yenyewe

Kuongeza soketi kwenye programu ambayo haikuzaliwa nazo kuna hatua zake.

Kwanza ni kuamua kiini ni kipi. Katika kugawana faili, kiini ni kuwatafuta wenzako, kuigawa faili vipande, kuhakiki kila kipande kwa alama yake ya hesabu, na kukihifadhi. Uhakiki huo plagini isiuguse, maana ukivurugwa, faili mbovu itasambaa shule nzima.

Pili ni kuchagua nyakati ambazo kiini kitaita plagini: faili imeanza, imekamilika, mwenzako mpya ameingia, mtumiaji ametafuta neno. Anza na chache, kwa kuwa kuongeza ni rahisi na kuondoa ni ugomvi.

Tatu ni mapatano ya maandishi. Jina la amri likibadilika, plagini zote zilizoitumia zinakufa. Watumiaji wa Firefox wanakumbuka Novemba 2017, toleo la 57 lilipoacha mfumo wa zamani wa viongezo, na vingi walivyovizoea vikakoma kufanya kazi. Sababu zilikuwepo, za usalama na za kasi, lakini waliopoteza ni wale waliokuwa wamejenga juu yake.

Nne ni kuvumilia ajali. Plagini ikianguka, kiini kiizime, kiandike kilichotokea, kiendelee na kazi.

Hatari yake

Pasi yenye waya wazi huweza kuunguza nyumba yote. Vivyo hivyo, katika programu nyingi plagini huendeshwa ndani ya programu yenyewe kwa uwezo ule ule wa mwenye kompyuta. Inaweza kusoma faili zisizoihusu au kutuma nje majina ya wanafunzi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data binafsi ya mtoto kushughulikiwa. Shule itakayoweka plagini asiyoijua mtu itajibu yenyewe mbele ya wazazi. Amana ni amana, iwe mkononi au kwenye diski.

Kwa hiyo nashauri: weka plagini chache, zile ambazo msimbo wake uko wazi na mtu unayemwamini ameusoma, zichukue kwa wenyewe, si kwa flashi inayozunguka mtaani, na zima usiyoitumia. Tena plagini haihalalishi kisichokuwa halali. Kitabu chenye hakimiliki hubaki na mwenyewe hata kikigawanywa kwa ustadi.

Na zile hadithi za Ekegusii? Hazihitaji plagini hata kidogo. Ni faili za sauti, zikipata ruhusa ya wazee waliozisimulia zinagawika kama nyingine. Kwenye Kolibri Studio mtu anaweza kufungua chaneli yake na kuziweka. Si kila upungufu ni wa programu. Mara nyingine kilichokosekana ni mtu wa kuketi na mzee na kurekodi.

Vijana wetu wa pwani waliosomea kompyuta wengi huota kuanzisha programu mpya, na nyingi hufia njiani. Plagini ya kurasa chache za Python, inayotatua shida moja ya madrasa moja ya Kisauni au shule moja ya Masimba, inaweza kumalizika kwa wiki chache na kutumiwa kesho yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Aombe soketi anayeweza, na anayejua kuandika aandike.