Mafuta ya Mimea, Ladha ya Ng'ombe

Mwaka 1990 McDonald's ilitangaza kwamba chipsi zake nchini Marekani zingekaangwa kwa mafuta ya mimea kwa asilimia 100. Miaka 11 baadaye tangazo hilo lilifikishwa mahakamani. Nilipoanza kusoma habari za kesi hiyo nilitarajia kukuta uongo wa wazi. Sikuukuta. Mafuta yalikuwa ya mimea kweli. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba wateja walipotoshwa na sentensi ya kweli, jambo ambalo sisi wanafunzi wa historia tunalisahau tunapopima nyaraka kwa kuuliza tu kama zinasema kweli.

Kabla ya hapo chipsi zilikaangwa katika mchanganyiko ambao karibu wote ulikuwa mafuta ya ng'ombe. Waliosababisha mabadiliko si watu wasiokula nyama. Ni hofu ya ugonjwa wa moyo. Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyewahi kupata shambulio la moyo, alitumia fedha zake kununua kurasa nzima za magazeti na kuyashutumu makampuni ya vyakula. Tangazo lilijibiwa kwa tangazo! Kampuni ilibadilisha mafuta, lakini haikutaka kupoteza ladha iliyozoeleka. Kwa hiyo viazi viliendelea kutiwa kiasi kidogo cha ladha ya nyama ya ng'ombe kiwandani, kabla ya kugandishwa. Katika orodha ya viungo iliandikwa "ladha asilia" tu, na sheria iliruhusu.

Sasa Mhindu aliyelisoma tangazo lile angeelewa nini? Kwake ng'ombe si suala la afya ya moyo. Aliposikia mafuta ya ng'ombe yameondolewa, alielewa kwamba ng'ombe ameondolewa.

Mei 2001 wakili Harish Bharti wa Seattle alifungua kesi kwa niaba ya Wahindu na wengine wasiokula nyama. Ilikuwa kesi ya pamoja, yaani walalamikaji wachache husimama badala ya wote waliotendewa vivyo hivyo. Bila utaratibu huo, nani angemlipa wakili kwa ajili ya pakiti moja ya chipsi? Kampuni ilijitetea kwamba haikuwahi kudai chipsi hizo zinawafaa wasiokula nyama. Huko India, mgahawa wake mmoja karibu na Mumbai ulivunjwavunjwa, ingawa ilieleza kwamba chipsi za huko hazikuwa na chochote cha ng'ombe.

Mwaka 2002 kampuni iliomba radhi hadharani na kukubali kutoa dola milioni 10. Sehemu kubwa ilielekezwa kwa mashirika ya watu wasiokula nyama, na sehemu nyingine kwa makundi ya kidini. Wengi waliokula hawakupata hata senti, nami sioni ni kiasi gani kingewatosha. Ladha yenyewe haikuondolewa. Orodha ya viungo vya chipsi hizo nchini Marekani bado inayo, ila sasa neno "ng'ombe" limeandikwa.