Uzi Mkuukuu, Uzi Mpya: Jinsi Besi Ilivyopata Sauti Yake Katika Roki

Mwaka 1965 kijana mmoja wa London, John Entwistle, alinunua gitaa la besi la kampuni ya Danelectro kwa sababu moja tu: nyuzi zake. Zilikuwa nyembamba, na mlio wake ulikuwa mkali na wenye kung'aa kama piano inayopigwa upande wa chini. Bendi yake, The Who, ilikuwa ikiuandaa wimbo "My Generation", na katikati ya wimbo huo besi ilipewa nafasi ya kuzungumza peke yake, jambo geni kabisa katika roki ya siku zile. Uzi ukakatika. Madukani hakupata uzi wa namna ile unaouzwa peke yake, basi akanunua gitaa la pili zima ili apate uzi. Huo nao ukakatika. Akanunua la tatu. Mwishowe, kwa maelezo yake mwenyewe, wimbo ulirekodiwa kwa besi ya Fender yenye nyuzi za kawaida, na mlio aliokuwa akiuwinda akaukosa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu sisi tunaopenda besi za nyimbo za zamani tuna mazoea ya kubishana kuhusu magitaa. Fender au Rickenbacker? La mwaka gani? Mbao gani? Nimekaa kwenye mabishano hayo hadi usiku wa manane, na kadiri ninavyosikiliza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunatazama pasipo. Ukitaka kujua kwa nini besi ya roki ililia vile ilivyolia kati ya mwaka 1962 na 1972, tazama nyuzi.

Gitaa lenyewe lilitoka Fullerton, California, mwaka 1951, katika karakana ya Leo Fender, fundi redio ambaye hata kupiga gitaa hakujua. Kabla yake besi ilikuwa dude la kusimama, refu kumpita mpigaji, gumu kusafirisha, na shingo yake haina alama. Kidole kikiteleza kidogo tu, noti imepotoka. Fender alitengeneza gitaa la ubao mzima, akalitia vyuma vya kugawa noti shingoni, akaliita Precision Bass, yaani besi yenye usahihi. Nyuzi zake zilifungwa kwa utepe bapa wa chuma, laini chini ya kidole, na karibu na mwisho wake, chini ya kifuniko, mlikuwa na kitu cha kuzizima zisivume sana. Kusudi lilikuwa kuifanya isikike kama ile ya kusimama: mdundo mfupi, wa duara, unaotoka na kutoweka.

Hakuna aliyeutendea haki mlio huo kuliko James Jamerson. Alizaliwa South Carolina mwaka 1936, akahamia Detroit akiwa kijana, akaanza na besi ya kusimama kwenye vilabu vya jazi, kisha akawa mpiga besi wa kampuni ya santuri ya Motown. Studio ilikuwa chumba katika nyumba ya kawaida ya barabara ya West Grand Boulevard, na wanamuziki walikiita shimo la nyoka kwa jinsi nyaya zilivyoning'inia. Huko Jamerson aliipiga Precision yake ya mwaka 1962 kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada, ambacho wenzake walikiita ndoana. Besi haikupitishwa kwenye spika na maikrofoni. Waya ulikwenda moja kwa moja kwenye mtambo wa kurekodia.

Na nyuzi? Hakuzibadilisha. Zilikuwa za kampuni ya La Bella, nene, za utepe, na alizikokota mwaka hata mwaka mpaka ukatike mmoja. Aliamini kwamba uchafu ndio ulioutunza mlio. Jasho na mafuta ya vidole huziba mianya ya uzi, ile milio ya juu ya kichumachuma hufa, na kinachobaki ni kiini cha noti. Ndiyo maana besi ya Jamerson huwezi kuionyesha kwa kidole ukasema ile pale. Imeenea chini ya wimbo kama maji chini ya ngalawa, lakini ukiifuatilia peke yake unagundua kwamba haitulii: inapanda, inakwepa, inaingia katikati ya pigo pale usipoitarajia. Kuhusu wimbo "What's Going On" wa Marvin Gaye, inasimuliwa kwamba siku ya kurekodi alikuwa amelewa hata kiti kikamshinda, akapiga akiwa amelala chali sakafuni. Albamu ilipotoka mwaka 1971, jina lake liliandikwa kwenye jalada. Kwa miaka kumi hivi dunia ilikuwa imecheza kwa vidole vya mtu isiyemjua jina.

Motown si roki, najua. Lakini roki ya Uingereza iliyasikiliza mapigo hayo kwa wivu. Paul McCartney, mpiga besi wa Beatles, hajawahi kuficha deni lake kwa Jamerson. Tatizo la London lilikuwa jingine: santuri. Sauti nene huilazimisha sindano ya mtambo wa kuchonga iyumbe sana, mfereji unakuwa mpana, na mafundi wa EMI, kampuni iliyowarekodi Beatles, waliogopa kwamba sindano ya mnunuzi nyumbani itaruka. Kwa hiyo waliipunguza besi. Santuri za Marekani zilikuwa na kifua; za Beatles zilikuwa na koo tu.

Aprili 1966, wakati wa kurekodi "Paperback Writer", McCartney aliweka pembeni Höfner yake nyepesi yenye umbo la fidla, akachukua Rickenbacker. Fundi sauti Geoff Emerick, kijana wa miaka 20, alikuwa na wazo ambalo mkubwa wake yeyote angelikataa: kutumia spika kama maikrofoni. Spika na maikrofoni ni ndugu. Moja hugeuza umeme kuwa mtikisiko, nyingine hugeuza mtikisiko kuwa umeme. Ukiiunganisha spika kubwa kinyumenyume na kuiweka uso kwa uso na spika ya besi, inashika mtikisiko mnene ambao maikrofoni ndogo huuacha. Ken Townsend, fundi wa mitambo, ndiye aliyefanya kazi hiyo ya waya. Sikiliza wimbo huo baada ya wowote wa Beatles wa mwaka 1964 na utasikia mtu akiingia chumbani. Mwaka uliofuata, kwa albamu ya "Sgt. Pepper", besi ilirekodiwa mara nyingi mwisho kabisa, peke yake, spika ikiwa imewekwa katikati ya ukumbi mtupu. Kwangu mimi, huo ndio mlio mzuri kuliko yote ya Beatles: una hewa kuuzunguka.

Wakati huohuo, Los Angeles, Carol Kaye alikuwa akipiga kwa namna tofauti kabisa na Jamerson. Alikuwa mpiga gitaa aliyeshika besi mwaka 1963, siku ambayo mpigaji aliyetarajiwa studioni hakutokea. Alicharaza kwa kijipande kigumu cha plastiki, akatandaza kitambaa kizito juu ya nyuzi ili zisivume, na kila noti ikatoka imekatwa safi kama kitunguu. McCartney aliisikia albamu ya "Pet Sounds" ya Beach Boys ya mwaka 1966, ambamo Kaye alipiga, akaichukua kama changamoto.

Turudi kwa Entwistle, tuliyemwacha na magitaa yake matatu ya Danelectro. Mwaka 1966 alimwendea James How, mtengenezaji wa nyuzi wa Uingereza mwenye jina la biashara Rotosound. Akaenda na gitaa lake kiwandani, wakajaribu uzi baada ya uzi mpaka zote nne zikalia sawa. Zilikuwa nyuzi zilizofungwa kwa waya wa duara badala ya utepe. Waya wa duara hukwaruza kidole, hula vyuma vya shingoni, na huchoka upesi, lakini ukiwa mpya unalia kama kengele. Sasa besi iliweza kukaa mbele. Katika "The Real Me", wimbo wa mwaka 1973, Entwistle anamzunguka mwimbaji toka mwanzo hadi mwisho, na gitaa la solo ndilo linaloshika nyumba.

Mrithi wake alikuwa Chris Squire wa bendi ya Yes. Alikuwa muuzaji katika duka la ala za muziki London alipojinunulia Rickenbacker mwaka 1965. Katika "Roundabout" ya mwaka 1971 nyuzi hizohizo za waya, kijiplastiki cha kucharazia na amplifaya inayokoroma kidogo vilitoa mlio wenye meno. Unasikia kidole, plastiki na chuma kwa pamoja. Kuna jambo linalonigusa: Entwistle alifariki tarehe 27 Juni 2002, na Squire tarehe 27 Juni 2015.

Baada ya hapo njia ziligawanyika. Mpiga besi Herbie Flowers, mwaka 1972, alimpigia mwimbaji Lou Reed "Walk on the Wild Side" kwa besi mbili, ya kusimama kisha ya umeme juu yake. Alikiri waziwazi kwamba ala ya pili ilimpa malipo maradufu. Na mwaka 1980 John Deacon, mpiga besi wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, aliurudisha ule ukavu wa zamani katika "Another One Bites the Dust": noti chache, na ukimya mwingi kati yake.

Siku hizi wengi wanazisikiliza nyimbo hizi kwenye simu. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Entwistle na Squire wanapona, maana milio ya juu ya uzi mpya inapita. Jamerson anapotea karibu wote. Tafuta spika kubwa, tafadhali.

Höfner ambayo McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961 iliibwa kutoka kwenye gari London mwaka 1972, na ikarudishwa kwake baada ya zaidi ya nusu karne. Precision ya Jamerson iliibwa siku chache kabla ya kifo chake mwaka 1983, na haijaonekana tena. Huenda ipo mahali, inapigwa. Na aliyeishika, akiwa hajui ni ya nani, bila shaka alifanya kile ambacho kila mpiga besi hufanya akipata gitaa kuukuu: alivua nyuzi zilizochakaa, akazitupa, akaweka mpya.