Walioibeba Rasa

Katika Vishnudharmottara Purana, kitabu cha kale cha Wahindu, mfalme aitwaye Vajra anamwendea mjuzi Markandeya na kumwomba amfundishe kuchonga sanamu za miungu. Markandeya anamjibu kwamba asiyejua kuchora hawezi kuchonga. Mfalme yuko tayari kujifunza kuchora, lakini anaambiwa uchoraji haueleweki bila ngoma, maana mchoraji na mcheza ngoma wote huiga mwenendo wa ulimwengu. Ngoma nayo haieleweki bila ala za muziki, na ala hazieleweki bila uimbaji. Mfalme aliyetaka kushika patasi analazimika kuanzia kwenye sauti.

Msimamo huo ulitawala sanaa za Wahindu kwa karne nyingi. Mshairi, mwigizaji, mcheza ngoma, mwimbaji, mchongaji na mchoraji kila mmoja ana kazi yake, ila wote wanakusudia kuamsha kitu kimoja moyoni mwa mtazamaji. Kitu hicho huitwa rasa, yaani ladha. Wanazuoni waliandika mengi juu yake, na maandishi yao yanastahili sifa zote yanazopewa. Hata hivyo, waliofanya rasa iendelee kuonjwa ni watu ambao vitabu vya nadharia haviwataji: wanawake waliocheza mahekaluni, mafundi wa kusubu shaba, waigizaji wa koo za kurithi, wapiga ngoma na wapuliza zumari.

Kitabu cha kale zaidi kilichosalia juu ya rasa ni Natyashastra, kinachohusishwa na mjuzi Bharata. Wataalamu wengi hukiweka kati ya mwaka 200 kabla ya Kristo na mwaka 200 baada yake. Kina beti zipatazo 6,000, na ndani yake mmejaa mambo ya kazi: vipimo vya jumba la maonyesho, rangi za kupaka uso, bahari za mashairi, namna ya kulinganisha nyuzi za ala iitwayo vina, mikao 108 ya ngoma iitwayo karana, na namna 36 za kutazama kwa macho.

Sura ya kwanza inasimulia asili ya maigizo. Miungu wakiongozwa na Indra walimwomba Brahma, mungu muumba, awape burudani ya kuonwa na kusikika, itakayowafaa watu wote, hata wa tabaka la chini waliokatazwa kusikiliza Veda, maandiko matakatifu manne. Brahma akachukua maneno kutoka Rigveda, nyimbo kutoka Samaveda, uigizaji kutoka Yajurveda na rasa kutoka Atharvaveda, akaunda Veda ya tano. Onyesho la kwanza lilihusu ushindi wa miungu dhidi ya asura, mahasimu wao. Asura walikasirika wakalivuruga. Brahma akawatuliza kwa kuwaambia kwamba maigizo hayapo kwa ajili ya kuusifu upande mmoja, bali huonyesha mwenendo wa walimwengu wote, kwa mema yao na mabaya yao.

Katika sura ya sita Bharata anaieleza rasa kwa mfano wa chakula. Viungo, mboga na vikolezo vikipikwa pamoja huzaa ladha isiyokuwamo katika kiungo chochote peke yake, na mlaji aliyetulia huionja akafurahi. Vivyo hivyo jukwaani: sababu ya hisia, dalili zake mwilini na hisia ndogondogo zinazopita hukutana, na rasa ikazaliwa. Bharata anazitaja nane: mapenzi, kicheko, huzuni, ghadhabu, ushujaa, hofu, kinyaa na mshangao. Kila moja ina rangi yake. Ghadhabu ni nyekundu, kicheko ni cheupe, hofu ni nyeusi. Baadaye iliongezwa ya tisa, utulivu, baada ya wanazuoni kubishana kwa muda mrefu kama hali ya moyo uliotulia kabisa inaweza kuigizwa.

Mjadala ulipamba moto Kashmir. Katika karne ya 9, Anandavardhana, aliyeishi zama za mfalme Avantivarman, aliandika Dhvanyaloka. Alishikilia kwamba ushairi bora hauitaji rasa kwa jina. Huiashiria tu, na msikilizaji akaipata mwenyewe. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa Valmiki, anayeheshimiwa kama mtunzi wa utenzi wa Ramayana. Valmiki alimwona mwindaji akimwua ndege dume aliyekuwa na mwenzake, na majonzi yaliyomshika yakamtoka kama ubeti.

Karne moja na zaidi baadaye akaja Abhinavagupta, mwanafalsafa na mfuasi wa mungu Shiva, aliyejibu swali gumu kuliko yote: kwa nini mtu akae kutazama huzuni au hofu, halafu afurahi? Alichukua tukio la mwanzo wa Shakuntala, tamthilia ya Kalidasa. Swala anakimbia mshale wa mfalme Dushyanta huku akigeuza shingo kutazama nyuma. Mtazamaji anaihisi hofu, lakini hofu hiyo si yake, maana hakuna anayemwinda, wala si ya swala yule peke yake. Imevuliwa mwenyewe, mahali na wakati, ikabaki hofu tupu ambayo kila aliyemo ukumbini anaishiriki. Kwa Abhinavagupta, kuondokewa na nafsi kwa namna hiyo ndiko kunakoleta furaha. Akaongeza kwamba mtazamaji asiyeweza kuweka kando shida zake hataionja rasa, na kwamba muziki na mapambo ya ukumbi yapo ili kumsaidia azisahau.

Wakati Abhinavagupta akiwa mzee huko kaskazini, kusini kabisa mwa Bara Hindi mfalme Rajaraja wa nasaba ya Chola alikuwa akimalizia hekalu la Brihadisvara mjini Thanjavur. Lilikamilika mwaka 1010, likiwa na mnara wa mawe wa zaidi ya meta 60. Ghorofani, katika ujia unaozunguka chumba kitakatifu, wachongaji walianza kuzichonga karana 108 za Natyashastra, Shiva mwenyewe akiwa mchezaji. Walimaliza 81. Mawe yaliyobaki yako pale hadi leo, yamesawazishwa lakini hayakuchongwa.

Kwenye kuta za nje kuna maandishi yenye thamani isiyopungua ya sanamu hizo. Rajaraja aliagiza yaandikwe majina ya wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine ya ufalme wake kuja kutumika Thanjavur. Kila mmoja ametajwa kwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa aliopewa na nyumba yake, pamoja na posho yake: kalam 100 (kipimo cha nafaka) za mpunga kwa mwaka. Orodha hiyo inaendelea na walimu wa ngoma, waimbaji, wapiga ala, washonaji nguo na wahasibu. Ni nadra kupata kumbukumbu ya karne ya 11, mahali popote duniani, inayowataja wasanii wa kike kwa idadi kubwa namna hiyo.

Chini ya nasaba hiyohiyo sanamu za shaba zilifikia kilele. Umbo la Nataraja, Shiva anayecheza ndani ya duara la moto, mguu mmoja hewani na mwingine juu ya kibeti wa ujinga, lilienea wakati wa Wachola. Mbinu haijabadilika sana katika mji mdogo wa Swamimalai, karibu na Kumbakonam. Fundi hufinyanga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo laini wa mto Kaveri, huliweka motoni hadi nta itoke, kisha humimina madini yaliyoyeyuka katika nafasi iliyoachwa. Udongo huvunjwa, kwa hiyo kila sanamu huwa ya peke yake. Vipimo hufuata urefu wa uso, uliogawanywa katika sehemu ndogo. Mkono ulioinuliwa wa Nataraja ni ishara ileile ambayo mcheza ngoma huifanya kumwambia mtazamaji asiogope.

Wachoraji nao walikuwa na njia yao. Mwaka 1694 hadi 1695, katika ufalme mdogo wa Basohli kwenye vilima vya Jammu, mchoraji Devidasa alichora picha za Rasamanjari, kitabu cha Bhanudatta kinachochambua aina za wapenzi. Wachoraji wa Basohli walibandika vipande vya magamba ya mbawa za mende wa kijani ili vito vya wanawake ving'ae. Kwingineko wafalme waliagiza mfululizo wa picha uitwao ragamala, ambamo kila raga ya muziki inapewa sura: mwanamke anayesubiri, mtawa chini ya mti, mawingu ya mvua yanayokusanyika. Wito wa Markandeya kwa mfalme ulikuwa umetimizwa kwenye karatasi, muziki ukitazamwa kwa macho.

Raga ni mpangilio wa sauti wenye tabia, hisia na mara nyingi saa yake. Bhairav ni ya alfajiri. Malkauns ni ya usiku wa manane. Katika karne ya 13 Sarngadeva, mhasibu mkuu wa wafalme wa Yadava huko Devagiri, alikusanya elimu hiyo katika Sangita Ratnakara, kitabu kilichoheshimiwa kaskazini na kusini. Kaskazini wanamuziki Waislamu wakawa miongoni mwa walinzi wakuu wa elimu hiyo. Bismillah Khan, Mshia wa Varanasi aliyefariki mwaka 2006, alifanyia mazoezi ya shehnai, ndugu ya zumari ya pwani, kwenye hekalu la Balaji kando ya mto Ganges.

Sauti hizo zilifika hadi Afrika Mashariki kupitia sinema. Katika filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952 kuna wimbo wa kumwomba mungu Hari ajidhihirishe, uliotungwa katika raga ya Malkauns. Mtunzi wa maneno, Shakeel Badayuni, mtunzi wa muziki, Naushad, na mwimbaji, Mohammed Rafi, wote walikuwa Waislamu. Muziki wa filamu za namna hiyo ulipendwa sana Mombasa, Lamu na Unguja, na Juma Bhalo wa Mombasa akajipatia jina kwa kuimba taarabu ya Kiswahili juu ya lahani za Kihindi.

Ndani ya mahekalu ya Kerala, kusini-magharibi mwa India, tamthilia za Kisanskriti ziliendelea kuigizwa kwa mtindo wa Kutiyattam. Waigizaji walikuwa wa ukoo wa Chakyar, wanawake waliitwa Nangiar, na wapigaji wa mizhavu, ngoma kubwa ya chungu cha shaba, walikuwa Nambiar. Tendo moja la tamthilia laweza kuchukua siku kadhaa, kwa kuwa mwigizaji huufungua ubeti mmoja kwa macho, nyusi na vidole kwa saa nzima mbele ya taa ya mafuta. Mani Madhava Chakyar, aliyefariki mwaka 1990, alisifika kwa macho yaliyoweza kueleza kisa kizima.

Wakati huohuo vitabu vyenyewe vilikuwa vimepotea machoni pa wengi. Fitzedward Hall alichapa sura chache za Natyashastra mwaka 1865, na ufafanuzi wa Abhinavagupta juu ya kitabu hicho ulianza kuchapwa mwaka 1926 tu, baada ya M. Ramakrishna Kavi kupata nakala zake Kerala. Kazi ya Kashmir ilipatikana kwenye ncha ya pili ya nchi, palepale ambapo waigizaji walikuwa bado wanaitekeleza. Katikati ya karne ya 20 Painkulam Raman Chakyar alitoa Kutiyattam nje ya hekalu, jambo lililowaudhi wakubwa wa ukoo wake, na mwaka 2001 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa binadamu wote.

Warithi wa wale wanawake wa Thanjavur hawakupata heshima kama hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19, ndugu wanne wa Thanjavur, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, walipanga mfululizo wa onyesho la ngoma unaofuatwa mpaka leo. Waliocheza ni devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa hekalu. Wafalme walipopoteza mamlaka kwa Waingereza, posho zilikauka na wengi wakaishia kutegemea wafadhili wanaume. Kampeni dhidi yao ilianza miaka ya 1890. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake alitoka katika jamii hiyo, alipigania sheria ya kuwaokoa wasichana dhidi ya unyonyaji, na mwaka 1947 serikali ya Madras ikapiga marufuku kuwaweka wakfu. Sheria hiyo iliwakinga watoto wa kike. Vilevile iliziba njia ya riziki ya wanawake ambao ngoma ilikuwa elimu yao.

Ngoma ikahamia kwa wengine. Desemba 1935 Rukmini Devi, Mbrahmini wa tabaka la juu aliyefunzwa na Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, alicheza hadharani huko Adyar, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Ngoma iliyoitwa sadir ikajulikana kwa jina jipya la Bharatanatyam. Rukmini Devi alipunguza mambo ya mahaba ya kimwili katika rasa ya mapenzi ili familia zenye hadhi ziikubali. Aliyempinga ni Balasaraswati, mjukuu wa mpiga vina Dhanammal na mrithi wa ukoo wa devadasi. Yeye alisema mapenzi ndiyo rasa kuu kuliko zote, na kwamba hakuna uchafu wa kusafishwa ndani yake, kwa sababu mpenzi anayeimbwa ni Mungu. Mwaka 1973 Music Academy ya Madras ilimpa Balasaraswati cheo cha Sangita Kalanidhi. Alikuwa mcheza ngoma wa kwanza kukipata.

Kati ya hao wawili, Balasaraswati ndiye aliyekuwa karibu zaidi na Bharata na Abhinavagupta, naye aliipata elimu hiyo kwa mama na bibi zake. Anayetaka kuielewa rasa asome Natyashastra, kisha asome na ukuta wa Thanjavur, mahali ambapo wanawake 400 wametajwa mmoja mmoja pamoja na mitaa yao na mpunga wao.