Kuona kiti ndani ya nyumba mbele ya kukinunua: namna simu inasaidia kuchagua na kubadilisha vitu vya mtandaoni

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo na Bunia leo wananunua vitu kwa kuangalia foto. Mwuzaji anaweka saloni, viatu ao nguo kwenye WhatsApp, Facebook ao TikTok, mnunuzi anachagua, anatuma avansi kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kisha anangoja koli. Mara nyingi inaenda vizuri. Mara zingine kile kitu kinafika na hakipiti kwenye mlango, ama rangi haiko ile yenye ilionekana kwenye simu, na kule pesa zilikwenda hakuna mwenye anajibu tena.

Maduka makubwa ya mtandaoni huko Ulaya, Marekani na Asia yanapambana na tatizo lile lile. Moja ya njia zenye walipata ni kumpa mnunuzi uwezo wa kuweka kitu ndani ya nyumba yake, kwenye kioo cha simu, na kukibadilisha rangi, kipimo ao kitambaa mbele ya kulipa. Kwa Kifaransa wanaiita réalité augmentée. Kwa Kiswahili tunaweza kusema uhalisia ulioongezwa.

Ni kitu gani?

Mtu anafungua kamera ya simu, anaielekeza chini kwenye saloni yake. Kwenye kioo anaona nyumba yake kama iko: ukuta, rido, meza. Kisha anagusa foto ya kiti, na kiti kinatokea pale chini, sawa vile kimesimama kweli. Akizunguka na simu, anaona upande wa kiti, kisha mgongo wake. Akisogea, kinakuwa kikubwa. Akirudi nyuma, kinapunguka. Nyumba ni ya kweli, kiti ndicho kimeongezwa.

Hapa kuko tofauti na uhalisia pepe. Kwa uhalisia pepe mtu anavaa miwani mikubwa yenye inafunika macho, na haone tena fasi iko. Kwa uhalisia ulioongezwa mtu anabaki anaona kwake, na simu ya mkononi inatosha.

Ilitoka wapi?

Wazo hili haliko la jana. Katika mwaka wa 1968, Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha chombo cha kuvaa kichwani chenye kilichora mistari mbele ya macho ya mtu. Kilikuwa kizito mpaka walikitundika kwenye dari. Jina lenyewe lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndani ya kiwanda cha ndege cha Boeing. Wafanyakazi walikuwa wakipanga nyaya nyingi za ndege kwa kufuata michoro ya kwenye mbao. Tom Caudell na David Mizell walifikiri kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama mfanyakazi angeona mchoro kupitia miwani, juu ya kazi yenyewe. Mwaka wa 1999, Mjapani Hirokazu Kato alitoa programu ARToolKit, yenye ilitumia alama nyeusi za pembe nne ili kompyuta ijue fasi ya kuweka picha.

Biashara iliingia polepole. Mwaka wa 2013 kampuni ya Sweden, IKEA, yenye inauza vitu vya nyumba, ilifanya jambo la akili: mnunuzi aliweka katalogi ya karatasi chini, fasi anataka kiti, kisha alielekeza simu pale. Kwa sababu simu ilijua ukubwa wa ile katalogi, iliweza kukadiria ukubwa wa kiti. Mwaka wa 2016 mchezo Pokémon Go ulizoesha mamilioni ya watu kuona vitu vya kuchorwa ndani ya barabara zao. Mwaka wa 2017 Apple ilitoa ARKit na Google ikatangaza ARCore, vyombo vyenye vinaruhusu simu ya kawaida kufanya ile kazi bila alama wala katalogi. Mwaka ule ule IKEA ilitoa programu IKEA Place ikiwa na vitu karibu 2.000, na Amazon nayo ikaweka chombo kama hicho ndani ya programu yake.

Simu inajuaje kipimo cha nyumba?

Kamera inatafuta alama ndogo ndogo: pembe ya meza, doa kwenye simenti, maua ya mkeka. Mtu akisogeza simu, alama za karibu zinahama haraka kwenye kioo na za mbali zinahama polepole, sawa na vile mtu mwenye kuwa ndani ya gari anaona miti ya kando ya barabara inakimbia na mlima unabaki. Wakati huo huo, vipimo vidogo ndani ya simu vinasema simu imesogea kiasi gani na imegeuka upande gani. Kwa kulinganisha mambo hayo mawili, simu inakadiria umbali wa sakafu na wa ukuta. Simu zingine za bei kali, kama iPhone 12 Pro ya mwaka wa 2020, ziko pia na chombo cha kutuma mwanga na kupima unarudi kwa wakati gani.

Kufahamu hivi kunasaidia kujua wakati gani simu inadanganya. Ukuta mweupe wenye hauna doa hauna alama za kushika. Sakafu yenye kung'aa inarudisha mwanga na kuchanganya kamera. Usiku, wakati kura imekatika na kumebaki mshumaa, kamera haioni kitu. Ndipo kiti kinaanza kuelea hewani ao kuteleza.

IKEA yenyewe ilisema kwamba vipimo vya programu yake ni sahihi kwa asilimia 98. Inaonekana ni mingi. Lakini asilimia 2 zenye zinabaki, kwa kiti cha metre 2, ni sentimetre 4. Sentimetre 4 zinatosha kabisa kufanya kiti kibakie inje ya mlango.

Kubadilisha kitu kabla hakijatengenezwa

Kuchagua kwa kubadilisha kulianza mbele ya uhalisia ulioongezwa. Mwaka wa 1999 Nike ilianzisha NIKEiD, fasi ya mtandaoni yenye mnunuzi aliweza kuchagua mwenyewe rangi za sehemu za kiatu. Jambo jipya ni kuweka ile kazi ndani ya kamera: mtu anabadilisha kitambaa cha kiti huku kiti "kimesimama" kando ya rido zake.

Kwa ndani, kitu kinachorwa kwa vipande. Kiti kinakuwa na miguu, mbao za mikono, mito na kitambaa. Kila kipande kiko na orodha ya chaguo. Kama kuko vitambaa 6, aina 4 za miguu na vipimo 3, hiyo inaleta viti 72 tofauti, na hakuna mwenye alilazimika kupiga foto 72. Mnunuzi akimaliza, programu inaandika chaguo lake kama namba za komande, na zile namba ndizo zinafika kwa fundi ao kiwandani.

Kwa hiyo uhuru uko na mpaka. Mnunuzi anabadilisha tu kile mwuzaji alikubali kibadilishwe. Programu nzuri inakataa mchanganyiko wenye fundi hawezi kutengeneza. Programu mbaya inaacha mtu achague kila kitu, kisha mwuzaji anampigia simu kumwambia ile rangi haiko.

Fasi inafaulu na fasi inashindwa

Vitu vigumu kama meza, kabati, televizyo na taa vinafaa sana, kwa sababu havibadiliki umbo. Miwani pia inaenda vizuri: tangu mwaka wa 2019, kampuni ya Marekani Warby Parker inaonyesha miwani kwenye uso wa mnunuzi. Kwa viatu, mwaka huo huo Nike ilitangaza Nike Fit, yenye ilipima mguu kwa kamera. Kampuni ilisema watu zaidi ya 3 kwa 5 wanavaa namba yenye haiko yao.

Nguo ndizo ngumu zaidi. Kitambaa kinakunjika, kinavutika, kinaanguka kufuatana na mwili. Simu inaweza kuonyesha kama rangi ya kikwembe inapendeza, lakini haiambie mtu kama kiuno kitabana ao kama mikono itakuwa mifupi. Kwa nguo, vipimo vya fundi mwenye futi yake shingoni bado vinashinda kamera.

Rangi nayo inahitaji uangalifu. Nyekundu ya kwenye kioo inategemea mwanga wa simu, na nyekundu ya kitambaa inategemea jua ao taa ya nyumba. Hata programu ya bei kali haiwezi kuahidi kwamba zote mbili zitafanana kabisa.

Mambo matatu ya kuogopa

La kwanza ni kurudisha. Kwa kawaida, mtu mwenye amenunua mtandaoni huko Ulaya anapata siku 14 za kurudisha kitu bila kutoa sababu. Lakini sheria ile ile, ya mwaka wa 2011, inatoa nje vitu vyenye vimetengenezwa kufuatana na matakwa ya mnunuzi. Inaeleweka: kiti chenye kilishonwa kwa rangi ya mtu mmoja, mwuzaji atamuuzia nani tena? Maana yake ni kwamba mtu akibadilisha kitu zaidi, haki yake ya kukirudisha inapunguka. Na mtu wa Kivu ao Ituri mwenye ameagiza toka Dubai ao Guangzhou, hata kama haki iko, bei ya kurudisha koli inaweza kupita bei ya kitu.

La pili ni sura ya mtu na nyumba yake. Ili miwani ikae kwenye uso, programu inapima macho, pua na mashavu. Ili kiti kikae saloni, kamera inaona nyumba nzima. Huko Marekani, jimbo la Illinois liko na sheria tangu mwaka wa 2008 yenye inalazimisha kampuni kuomba ruhusa kwa maandishi mbele ya kuchukua vipimo vya uso, na maduka kadhaa yenye kuonyesha miwani ao vipodozi kwa kamera yamepelekwa mbele ya tribinali. Kwa Kongo, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 iko na sehemu juu ya biashara ya mtandaoni na sehemu juu ya ulinzi wa habari za mtu binafsi.

La tatu linawagusa Waafrika moja kwa moja. Mwaka wa 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza programu za kampuni kubwa zenye zilikuwa zikitambua kama uso ni wa mwanamke ao mwanaume. Kwa wanaume wa ngozi nyeupe makosa yalifika asilimia 0,8 tu. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi yalipanda mpaka asilimia 34,7. Ile kazi haikuwa ya kuuza vipodozi, lakini somo ni moja: programu yenye ilifundishwa kwa nyuso za watu wengine inaweza kukosea kwa uso wako. L'Oréal, yenye ilinunua kampuni ya Kanada ModiFace mwaka wa 2018, inaonyesha rangi za midomo na nywele kwa kamera. Mama mwenye anachagua poda kwa njia kama hiyo afanye vizuri kuijaribu kwanza kwenye mkono.

Na huku kwetu?

IKEA haina duka Kongo. Tena simu nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha ya zile zenye zinakubali ARCore. Kwa simu hizo, mtu ataona tu kitu kikizunguka kwenye kioo, bila kukiweka ndani ya nyumba. Kila kitu cha kuchorwa kinakula mega pia, na kufungua viti kumi ili kulinganisha kunaweza kumaliza forfe ya siku. Ni jambo la kufikirisha, kwa sababu koltani yenye inachimbwa Rubaya, Masisi, inatoa tantali yenye inaingia ndani ya simu hizo hizo.

Hata hivyo, nafasi iko kwa mafundi wa mbao na wa kushona wa huku. Wao tayari wanafanya kazi kwa komande. Kuko programu za bure za kuchora meza ao kabati kwa vipimo vya kweli, na Google inatoa bure chombo model-viewer cha kuweka mchoro kama huo kwenye ukurasa wa mtandao. Fundi mwenye hana kompyuta anaweza kushirikiana na kijana mwenye alisoma informatique. Fundi wa huku pia ana kitu chenye kampuni ya mbali haina: anaweza kufika kwa mteja kupima mlango.

Na mnunuzi mwenye hana simu kali asikate tamaa. Aombe vipimo vya kiti, kisha achore kwa chaki chini, urefu na upana, pale kitakaa. Atembee kuzunguka ile alama kwa siku moja. Ataona haraka kama watoto watapata fasi ya kupita. Kwa ukuta, karatasi A4 inasaidia: urefu wake ni sentimetre 29,7. Akiibandika kwenye ukuta na kupiga foto akiwa amesimama sawasawa mbele yake, anaweza kuhesabu: fasi yenye inaingiza karatasi 7 kwa urefu iko na karibu metre 2 na sentimetre 8.

Mbele ya kutuma avansi

- Kuomba vipimo vyote kwa maandishi: urefu, upana, kimo. Foto haiko kipimo.
- Kupima mlango, ngazi na kona za nyumba, si saloni peke yake.
- Kuomba kipande cha kitambaa, ao foto yake iliyopigwa inje wakati wa jua.
- Kuuliza: kama kinafika tofauti na komande, nani analipa? Jibu libakie kwenye ujumbe, si kwa mdomo.
- Kupiga foto ya kioo ikionyesha chaguo la mwisho: rangi, kipimo, bei na tarehe.
- Kutoa avansi ndogo, na kumaliza kulipa wakati koli imefunguliwa mbele ya macho.
- Kukataa programu yenye inaomba kamera na namba za watu wote wa kwenye simu, hali inataka tu kuuza kiatu.

Simu inaweza kuonyesha kiti ndani ya nyumba, lakini haiwezi kuhakikisha kwamba mwuzaji atatuma kile alionyesha. Kwa hilo, maandishi na risiti bado vina nguvu kuliko picha.