Malkia, Biblia na Liwali: Picha za Chapa kama Ushahidi wa Historia

Mwanafunzi wa historia hapa Kisangani hukutana mapema na picha za chapa za karne ya 19. Kitabu cha Henry Morton Stanley kilichotolewa London mwaka 1878 kina mchoro wa mapigano ya tarehe 1 Februari 1877, pale Mto Aruwimi unapoingia katika Mto Kongo. Mchoro huo ulichongwa Ulaya kwa kufuata masimulizi ya upande mmoja. Je, ni ushahidi wa jambo gani?

Jibu litaonekana wazi zaidi tukichunguza picha nyingine ya zama hizo, inayojidai kuonyesha tukio la ikulu ya Uingereza. Mnamo 1863 hivi Thomas Jones Barker alichora Malkia Victoria, katika kasri la Windsor, akimkabidhi Biblia Mwafrika aliyepiga magoti. Albert, mume wa malkia, na mawaziri Palmerston na Russell wanatazama. Kichwa chake chadai kwamba hiyo ndiyo siri ya ukuu wa Uingereza. Baadaye W. H. Simmons aliichonga katika bamba, nakala zikauzwa.

Hata hivyo, hakuna tukio la namna hiyo lililothibitishwa. Baadhi ya wataalamu wamependekeza kwamba sura ya mgeni yule yatokana na Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa, aliyefika London mwaka 1838 na tena 1842 akiwa mjumbe wa Seyyid Said. Ikiwa ndivyo, mabadiliko ni makubwa mno: mjumbe Mwislamu, aliyetumwa na mtawala kwa mtawala mwenziwe, amegeuzwa mtu asiye na jina, anayepokea dini kwa magoti.

Kwa hiyo picha hii haitufundishi lolote juu ya mkutano wa Windsor. Yatufundisha mengi juu ya wanunuzi wake, na jinsi walivyopenda kujiona.

Kipimo hicho hicho chafaa kwa mchoro wa Aruwimi. Nasi tuna bahati ya maandishi ya Kiswahili ya kulinganishia: Tippu Tip, aliyesafiri na Stanley mwaka 1876 na kuwa liwali wa maporomoko yetu mwaka 1887, alisimulia maisha yake mwenyewe. Lakini naye alikuwa mwenye biashara na bunduki. Wenyeji wa mto, waliochorwa wakipiga makasia, hawakuulizwa na Stanley wala na Tippu Tip. Masimulizi ya vizazi vyao ndiyo yapasayo kutafutwa kabla picha hazijasema badala yao.