Namna ya kuondoa mikwaruzo katika rekodi za muziki wa zamani

SALUM Abdallah wa Cuban Marimba alifariki dunia mwaka 1965, na Mbaraka Mwinshehe, aliyetamba na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, akafariki mwaka 1979. Kwa kuwa nyimbo zao haziwezi kurekodiwa upya, santuri iliyobaki katika nyumba yoyote mkoani Morogoro, iwe mjini au Mvumi wilayani Kilosa, ni hazina. Santuri hiyo inapohamishiwa kwenye kompyuta, mikwaruzo yake huhamia pamoja na muziki.

Kazi huanza kabla ya kompyuta. Santuri husafishwa vumbi na sindano ya gramafoni hukaguliwa, kwani uchafu ulioondolewa kwa mkono hauhitaji kuondolewa kwa programu. Sauti huhifadhiwa katika faili la WAV, si MP3, ambayo hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Nakala ya kwanza haiguswi kamwe. Marekebisho yote hufanywa katika nakala ya pili.

Kila kasoro ina tiba yake. Mkwaruzo hutoa mlio mfupi mkali. Programu hufuta kipande hicho na kukijaza kwa kukadiria kutokana na sauti iliyotangulia na inayofuata. Katika Audacity, programu inayopatikana bure tangu mwaka 2000, zana ya ukarabati hushughulikia sampuli zisizozidi 128 kwa mara moja. Kwa kipimo cha CD, chenye sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni takriban sehemu tatu za elfu za sekunde. Mvumo wa umeme, ambao nchini Tanzania huwa wa hezi 50, hupunguzwa kwa chujio jembamba. Pengo lililotokea kompyuta ilipokwama wakati wa kurekodi halina dawa bora kuliko kuipiga santuri upya.

Hatari kubwa ni kusafisha kupita kiasi. Pigo la ngoma au mwanzo mkali wa tarumbeta hufanana na mkwaruzo, na programu huweza kuufuta. Njia ya kujihakikishia ni kusikiliza kile kilichoondolewa. Ikiwa ndani yake kunasikika mikwaruzo mitupu, kazi ni salama. Ikiwa kunasikika gitaa au sauti ya mwimbaji, muziki wenyewe umeanza kupotea, na fundi hana budi kurudi nyuma.